Mfuko wa Mbolea Useme Kilichomo Ndani

Ndugu wachimbaji wa Misisi na Lubichako, akina mama wakulima, na ninyi wakaaji wote wa Fizi na Baraka:

Kati yetu hakuna auzaye dhahabu kwa kuikadiria kwa macho. Mzani huwekwa mezani, na mwenye mali huutazama. Lakini fedha ya dhahabu hiyo ikifika nyumbani na kununua mbolea ya mahindi, twausahau mzani. Mbolea inachotwa kwa kikombe katika mfuko uliokwisha kufunguliwa, nasi twaamini neno la mwenye duka.

Sikilizeni basi. Mfuko wa mbolea za viwandani huandikwa namba tatu: ya kwanza ni azoti ikuzayo majani, ya pili fosfori kwa mizizi, ya tatu potasi itiayo mmea nguvu. Ukisoma 17-17-17 juu ya mfuko wa kilo 50, mna kilo 8 na nusu za azoti. Urea ni 46-0-0: kilo 23 za azoti, fosfori na potasi hakuna. Mifuko hiyo miwili ni sawa kwa uzito, si sawa kwa kazi. Akuuziaye mmoja kwa jina la mwingine amekuibia.

Msiseme ni jambo dogo. Mwaka 2024 huko Kenya, waandishi wa habari walifunua kwamba mbolea ya bandia iliuzwa hata katika maghala ya serikali. Mwezi wa Mei Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo. Kamati ilimwona hana hatia, lakini serikali ililazimika kujibu mbele ya raia.

Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania ilitunga Sheria ya Mbolea mwaka 2009, ikaweka mamlaka ya kuandikisha mbolea na kukagua wauzaji. Sisi nasi tuna sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011, na ofisi ya OCC ya kukagua bidhaa tangu mwaka 1974. Lakini sheria ya Kinshasa yafaa nini isipofika sokoni Baraka?

Wabelgiji, kwa amri yao ya mwaka 1917, walijua kumhesabia mwanakijiji siku 60 za kulima kwa lazima. Serikali yetu wenyewe ishindwe kuhesabu kilo ndani ya mfuko?

Twadai mambo matatu: maandishi ya Kiswahili juu ya kila mfuko, mkaguzi bandarini na sokoni, na adhabu kwa mwongo. Nasi tuna wajibu wetu. Tununue mfuko ulioshonwa, tukiungana wanne au watano ikiwa fedha ni haba. Tudai karatasi ya malipo. Tuweke mfuko mtupu mpaka mavuno, uwe ushahidi wetu.

Uhuru wa mkulima ni kujua anachokinunua.