Kambi Husimama kwa Maji na Kuni

Hotuba ya waandaaji wa tawi, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Tumepewa nafasi jioni hii tuseme juu ya jambo moja tu: je, turudi uwanjani au tusirudi? Wengi mmekuja hapa mkiwa mmekwisha kata shauri. Tunawaona vijana waliokaa mbele, na mikeka yao wameikunja tayari. Tunawapenda kwa moyo huo. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuandaa hatukuja kusema maneno ya kuwafurahisha. Tutasema yaliyotupata sisi, kisha tutaeleza ya watu wengine waliopiga kambi kabla yetu, ndipo ninyi mkate shauri.

Nyote mwajua jinsi tulivyokaa katika kiwanja cha karibu na soko, baada ya akina mama wauza mboga kuambiwa waondoke pasipo kuonyeshwa pa kwenda. Siku ya kwanza tulikuwa umati, ngoma zikalia, na kila mwenye sauti akahutubia. Siku ya pili unga ulikwisha saa nane mchana. Usiku wake mvua ikanyesha, na turubai tulilokuwa nalo halikutosha watu ishirini. Siku ya tatu watu wakaanza kuulizana habari za fedha za mchango, na mshika fedha wetu hakuwa na daftari. Hakuiba, twajua hakuiba. Lakini mtu asiye na daftari ataonyesha nini mbele ya watu wenye njaa? Siku ya nne, kulipokucha, tulihesabu watu kumi na mmoja. Tisa kati yao ni wale wale akina mama wa sokoni. Askari hawakuja. Hakuna aliyetupiga hata kofi. Tulijivunja wenyewe.

Na liko la aibu kuliko hilo, nasi hatuna budi kulisema mbele yenu. Usiku ule wa mvua sisi waandaaji tulikuwa tumelala majumbani mwetu. Tuliaga kwamba tunakwenda kuandika barua. Barua iliandikwa, ni kweli. Lakini iliandikwa pakavu chini ya bati, na wale waliotuamini walikesha wakishikilia pembe za turubai. Mama mmoja alituuliza asubuhi, kwa upole kabisa: "Wanangu, mmeamkaje?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu, tulipojirudi tulitafuta habari za wengine, maana sisi si wa kwanza duniani kulala nje kwa ajili ya haki. Tutawapa mifano miwili. Mmoja ni wa mbali, nao ulikuwa mkubwa sana. Wa pili ni wa jirani zetu, nao ulianza na akina mama wachache tu.

Mwaka 1968 maskini wa Marekani walijenga mji wao katikati ya Washington, karibu na ukumbusho wa Rais Lincoln. Shauri hilo lilikuwa la Dk. Martin Luther King. Aliuawa tarehe 4 Aprili mwaka ule, kabla hajaliona likitimia, na Mchungaji Ralph Abernathy akashika kazi. Mwezi wa Mei msumari wa kwanza ukagongwa. Mji ule waliuita Resurrection City, yaani Mji wa Ufufuo. Walikuwamo watu weusi kutoka kusini na kutoka miji mikubwa, weupe maskini kutoka milimani, Wahindi Wekundu, na watu wa asili ya Mexico na Puerto Rico. Walitaka kazi, kipato cha kutosha, chakula na nyumba.

Basi tazameni jinsi walivyojipanga. Vibanda vyao vilikuwa vya mbao nyembamba na maturubai, vimekatwa kwa kipimo kimoja hata watu wasio mafundi waweze kuvisimamisha. Palikuwa na hema la kulia chakula, mahali pa matibabu, mahali pa kulelea watoto, na mahali pa mafunzo palipoitwa chuo kikuu cha maskini. Walikuwa na meya wao na anwani yao ya posta. Siku baada ya siku watu walitoka kambini kwenda kwenye wizara za serikali kudai haki zao, kisha wakarudi jioni kula pamoja. Sisi tuliosomea ualimu tulipolisoma hilo tulisema: kumbe hawa hawakwenda kukaa, walikwenda kuishi.

Lakini kambi ile nayo ilikuwa na maradhi yake. Mvua ilinyesha siku nyingi kuliko siku za jua, na njia za vibandani zikawa tope la kuzamisha miguu. Baadhi ya vijana ikabidi warudishwe makwao kwa utovu wa nidhamu. Na viongozi wengi wa juu walikuwa wamepanga vyumba katika hoteli ya mjini. Wanaolala topeni waliliona jambo hilo, wakalisema, na magazeti yakalisema. Tarehe 19 Juni walikusanyika watu zaidi ya 50,000 kuwaunga mkono; lakini umati ulikuja asubuhi, ukaondoka jioni, na tope likabaki kwa wenyewe. Ruhusa ya kukaa pale ilikwisha tarehe 23 Juni. Kesho yake polisi waliingia, mamia ya watu wakakamatwa, Mchungaji Abernathy akiwa mmoja wao, na mji ukabomolewa. Wala hatusemi kazi yao ilikuwa bure. Njaa ya maskini wa nchi tajiri ilionekana wazi, na serikali ilisogea kidogo katika ugawaji wa chakula. Lakini sehemu kubwa ya waliyoyadai hawakuipata.

Sasa tuje karibu. Tarehe 28 Februari 1992, mjini Nairobi, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wengi wao walikuwa wazee, watu wa shamba. Pamoja nao alikuwa Bibi Wangari Maathai, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hawakwenda na orodha ndefu. Walikuwa na neno moja: waachilieni watoto wetu. Wafungwa wale walikuwa 52. Wakasema watangoja jibu, nao wakaenda kungojea katika bustani ya Uhuru Park, na matandiko yao, wakafunga kula. Pembe ile ya bustani ikaitwa Freedom Corner.

Watu wa mjini walipoona vikongwe wamelala nje, wakaanza kuja. Hema likasimamishwa. Watu waliopata kuteswa vifungoni, ambao kwa miaka walikuwa wamefunga vinywa vyao kwa hofu, walisimama mbele ya umati wakaeleza yaliyowapata. Bustani ikawa darasa. Siku ya tano, tarehe 3 Machi, askari wakaja na mabomu ya machozi na marungu. Bibi Maathai alipigwa hata akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo zao mbele ya askari. Nasi Waafrika hatuhitaji kuelezwa mama anaponuia laana ya namna ile amefikishwa wapi.

Askari wakawachukua akina mama kwa nguvu wakawarudisha makwao. Je, walikaa huko? Hawakukaa! Walirudi Nairobi, wakakuta bustani imezungukwa na polisi, wakaingia kanisani, All Saints Cathedral, lililo karibu na pale. Huko walikaa karibu mwaka mzima. Walilala chini ya kanisa, polisi wakiwa nje, na kuna wakati walijifunga minyororo wao kwa wao wasiweze kuondolewa mmoja mmoja. Hata mwanzo wa mwaka 1993, wale wafungwa 52 walikuwa wamekwisha achiliwa wote isipokuwa mmoja.

Ndugu wanachama, lipimeni jambo hili. Wale maelfu wa Washington kambi yao ilidumu majuma sita. Wale akina mama wachache walidumu mwaka. Hatusemi nchi hizi mbili zilikuwa na mambo sawa, wala serikali sawa. Lakini sisi twaona sababu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza, akina mama walikuwa na dai moja, na mtoto mdogo angeweza kulihesabu: leo wamebaki wangapi? Ya pili, kwao hapakuwa na kiongozi wa kulala kwingine. Aliyesema mchana ndiye aliyelala sakafuni usiku. Mama yule hakuhitaji kuulizwa ameamkaje.

Kwa ajili hiyo, shauri letu sisi waandaaji ni hili. Turudi uwanjani, lakini si kesho, wala si Jumamosi. Turudi baada ya kutimiza mambo haya:

Kwanza, dai liwe moja: akina mama wa sokoni waonyeshwe mahali pa kuuzia, kwa maandishi, kabla hawajaondolewa. Mengine yote tuyaweke kabatini. Yana siku yake.

Pili, ziwepo zamu za maji, kuni, jiko na usafi, na majina yaandikwe. Zamu hizo zisiwe za wanawake peke yao. Kijana asiyeweza kuchota maji debe mbili asituambie kwamba anaweza kuikomboa nchi.

Tatu, choo kichimbwe kabla ya hema kusimamishwa. Msicheke! Kambi isiyo na choo huvunjwa na bwana afya kwa barua moja, na wananchi watamwunga mkono.

Nne, daftari la fedha na la unga lisomwe kwa sauti kila jioni, mbele ya wote, hata kama kilichoingia ni shilingi mia tano na vitunguu vitatu.

Tano, walinzi wawe watu wazima wanaojulikana, wasio na fimbo wala panga, na kazi yao ya kwanza iwe kuwatuliza wa kwetu.

Sita, na hili twajifunga sisi wenyewe: mwandaaji yeyote atakayelala nyumbani usiku wakati kambi i uwanjani, asipokuwa mgonjwa au mwenye msiba, asubuhi ameacha kazi yake. Barua zitaandikwa pale pale, kwa taa ya chemli, na kama karatasi italowa, na ilowe.

Twajua wako watakaosema kwamba tunaogopa. Vijana, tunaomba mtupime kwa haki. Kungoja mwezi mmoja ili tuchimbe choo na kununua magunia ya unga si woga. Woga ni kupiga ngoma siku moja, kisha kumwachia mama wa sokoni ashike turubai peke yake. Wale tisa waliobaki siku ya nne hawakutulaumu hata kidogo, nao wako hapa usiku huu, wamekaa kule nyuma. Tunawaomba wasogee mbele. Katika kura hii wao ndio watangulie kuinua mkono, kwa maana wao ndio wanaojua mvua ile ilivyokuwa.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Daftari liko mezani, kurasa zake bado tupu. Anayetaka zamu ya kwanza ya maji aje aandike jina lake. Sisi waandaaji tumekwisha andika yetu.