SPIRITI YA KUWASHA MOTO: FAIDA YAKE NA HATARI ZAKE

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi, Machakos)



Katika mkutano uliopita wenzetu wengine walitoa shauri kwamba fedha za ushirika wetu zinunue mtambo mdogo wa kutengeneza spiriti, ili tuendeshe pikipiki na pampu za maji bila kununua petroli. Kamati imeniomba nieleze habari hiyo kabla ya kura kupigwa. Sikuja kuwavunja moyo, wala sikuja kusifia bidhaa ya mtu. Nimekuja na hesabu.

Ndugu zangu, jambo lenyewe si la uongo. Mafuta ya petroli yalipopanda bei mwaka 1973, nchi nyingi zilitafuta njia nyingine. Brazil ilianza mpango mkubwa wa spiriti ya miwa mwaka 1975, na mpaka leo magari yao hutumia spiriti hiyo. Hapa kwetu Kenya, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kule Muhoroni kilitengeneza spiriti kwa molasi ya viwanda vya sukari, na kuanzia mwaka 1983 petroli iliyochanganywa na spiriti sehemu moja katika kumi iliuzwa Nairobi. Magari yalikwenda. Lakini mwaka 1993 mpango ule ulikuwa umekwisha. Spiriti ile ilipata bei nzuri zaidi kwa wanunuzi wengine kuliko katika tangi la gari. Hilo ni funzo la kwanza: kitu kinaweza kufanya kazi vizuri na bado kikashindwa sokoni.

Sasa natazama kazi yenyewe. Kila mtu wa Ukambani anajua jinsi uki unavyochachuka. Hamira hula sukari, ikatoa pombe na hewa. Pombe hiyo ni nyepesi; katika lita 10 huenda spiriti ikawa lita moja tu, iliyobaki ni maji. Hapana budi kuipika. Spiriti huchemka kwenye digrii 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa spiriti hutangulia, ukapozwa, ukatona. Lakini kwa njia hii huwezi kupita sehemu 96 katika mia. Maji yanayobaki hayatoki kwa moto peke yake. Yataka ufundi mwingine. Na spiriti yenye maji ikitiwa ndani ya petroli, maji hujitenga yakashuka chini ya tangi, na injini ikazimika njiani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kazi hii hata mgema asiyesifiwa ana maji ndani ya tembo lake.

Tena mfahamu kwamba spiriti si ya kila injini. Treni zetu huvutwa na injini za dizeli, nazo huwasha mafuta kwa kuyabana, bila cheche. Spiriti haifai humo. Hufaa injini ya petroli, na hata hiyo ikitumia spiriti tupu hapana budi tundu la mafuta katika kabureta lipanuliwe na mipira mingine ibadilishwe. Nguvu yake pia ni pungufu: lita 3 za spiriti hufanya kazi ya lita 2 za petroli.

Tuje kwenye maembe, maana wenzetu walisema maembe huoza bure hapa Machakos na Makueni wakati wa msimu. Ni kweli, na inauma kuona. Lakini tupige hesabu. Chukua maembe kilo 100. Ondoa kokwa na maganda. Nyama iliyobaki, sukari yake ni kama kilo 9 au 10. Ukifanya kazi vizuri utapata spiriti kama lita 5, basi. Hizo ni sawa na petroli lita 3 na kidogo. Sasa ujiulize: nani aliyeokota, akamenya, akakamua, akangoja siku kadhaa, akapika, naye alipwe nini? Sisi ni chama cha wafanyakazi. Hatuwezi kusema kitu ni rahisi kwa kuwa hatukuhesabu mshahara wa aliyekifanya. Viwanda vya sukari hupata faida kwa sababu molasi imekwisha kukusanyika pale pale, na tani moja yake hutoa kadiri ya lita 250.

Jambo la pili ni kuni. Reli hii ilipojengwa injini za mvuke zilikula kuni nyingi sana kando ya njia, na sisi twajua mti ulivyo adimu hapa petu. Mtambo mdogo wa pipa, uliotengenezwa ovyo, waweza kula kuni zenye moto mwingi kuliko moto uliomo ndani ya spiriti yenyewe. Hapo hukuokoa chochote. Umegeuza msitu kuwa chupa. Kiwanda cha miwa huchoma makapi ya miwa. Sisi tutachoma nini? Asiye na jibu la swali hilo hana mtambo, ana mzigo.

La tatu ni machicha. Kila lita moja ya spiriti huacha lita 10 au zaidi za maji machafu ya moto. Yakimwagwa mtoni huimaliza hewa ya maji, na samaki hufa. Yakitunzwa yaweza kutengeneza gesi ya kupikia, na gesi hiyo kusaidia kuupasha mtambo moto. Lakini shimo la gesi nalo lina gharama yake.

La nne ndilo zito kuliko yote. Mwezi wa Juni 2005, hapa Machakos, watu zaidi ya 40 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Kwa macho huwezi kuitenga na hii nyingine. Ndiyo sababu sheria hairuhusu mtu kupika spiriti bila leseni, na ndiyo sababu spiriti ya moto hutiwa rangi na dawa chungu ili isinyweke. Mtambo wetu ukitoa spiriti safi saa nne za usiku, na mlinzi ana deni dukani, itakwenda wapi? Sitaki jina la chama chetu lisomwe katika kesi ya vifo.

Je, tuache kabisa? La. Mimi naona tuanze na jiko na taa, si pikipiki. Jiko la spiriti halidai spiriti kavu, na moto wake hauna moshi wa kuumiza macho ya mama. Tena tuanze mahali ambapo maganda na maembe mabovu yamekwisha kukusanywa na watengenezaji wa maji ya matunda, si kuyafuata shamba kwa shamba.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa shauri hili lipigiwe kura. Fedha za ushirika zisitolewe mpaka mwenye kuuza mtambo ajibu kwa maandishi maswali manne: moto wake utatoka wapi bila kukata mti, machicha yatakwenda wapi, leseni itakuwa ya nani, na spiriti itatiwa dawa chungu na nani, mbele ya mashahidi gani. Akijibu vema, tujaribu msimu mmoja kwa kiasi kidogo, na daftari la gharama lisomwe hapa kila mwezi. Asipojibu, fedha zikae benki.

Fedha hizo ni jasho la watu waliolala kando ya njia ya reli kwa mvua. Tuzilinde.