Riba Iliyofichwa Nyuma ya Neno "Kama"

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika sherehe ya Chama Kikuu chetu kutimiza miaka kumi



Mimi ni mtoto wa mwanachama. Ada yangu ya shule ilitoka katika kahawa iliyopimwa kwenye mizani ya chama chetu cha msingi, na baadhi yenu hapa mlinibeba mgongoni. Kwa hiyo sikuja kufundisha wakubwa wangu. Nimekuja kutoa ushuhuda juu ya jambo nililolitenda kwa mikono yangu, tena kwa ulimi wangu, nilipokuwa nikifanya kazi ya ukarani nchini Marekani.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa fedha katika zahanati ya meno huko Des Moines, jimbo la Iowa. Iowa ni nchi ya wakulima kama sisi, ila wao ni wa mahindi na nguruwe. Kazi yangu ilikuwa kumwambia mgonjwa gharama yake kabla hajapanda kiti cha daktari. Yawapasa kujua kwamba huko matibabu ya meno ni ghali mno. Bima nyingi za meno zina kikomo cha mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na dola 2,000, na bima ya serikali ya wazee, iitwayo Medicare, hailipi sehemu kubwa ya matibabu ya kawaida ya meno. Mgonjwa huyo amevimba shavu, hakulala usiku kucha, naye anatajiwa hesabu asiyo nayo mfukoni. Hapo ndipo karani afunguapo droo na kutoa fomu ya kadi ya mkopo ya matibabu.

Fomu ile ina maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: hakuna riba kama deni lote litalipwa katika miezi 12. Nyingine husema miezi sita, au 18, au 24. Mwenye maumivu husikia maneno mawili ya kwanza tu.

Alikuja mzee mmoja, mkimbizi kutoka Kivu, aliyekuwa akifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na daktari alifurahi kwamba mimi nilijua Kiswahili. Gharama yake ilikuwa dola 2,400. Nilimweleza kwa lugha yetu kwamba benki italipa leo, naye atairudishia benki dola 200 kila mwezi kwa miezi 12. Akaniuliza, "Na cha kuongeza juu yake?" Nikamjibu, "Hakuna, baba. Riba hakuna." Neno "kama" sikulitamka. Sikukusudia kumdanganya, Mungu ni shahidi yangu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeielewa karatasi ile, na aliyenifundisha kuijaza naye hakuielewa.

Mzee alilipa. Hakukosa mwezi hata mmoja. Lakini malipo ya kumi na mbili aliyapeleka katika tarehe ile ile aliyozoea kulipa, na muda wa ahadi ulikuwa umekwisha siku nne kabla yake. Siku muda ulipokwisha, daftari la benki lilikuwa bado lina deni la dola 200. Barua iliyofuata ilidai riba ya dola 350 na zaidi. Alikuja nayo zahanati, ameikunja mara nne ndani ya kofia yake. Akaniuliza kwa upole, jambo lililoniumiza kuliko kama angenigombeza: "Mama, si ulisema hakuna cha kuongeza? Hii ni nini?"

Tulipiga simu benki pamoja. Jibu lilikuwa kwamba ametia sahihi. Alilipa fedha ile kwa kufanya kazi zamu za mwisho wa juma.

Sasa naomba radhi, nitawachosha kidogo kwa hesabu, maana jambo lenyewe liko humo. Riba ya kadi za namna ile ilikuwa asilimia 26.99 kwa mwaka. Wengi hudhani kwamba katika miezi ile 12 riba imelala. Sivyo. Riba huhesabiwa tangu siku ya kwanza, mwezi baada ya mwezi, juu ya kila kiasi ambacho mgonjwa bado anadaiwa, na kuwekwa kando kimya kimya. Akimaliza deni lote kabla ya tarehe, inafutwa. Ikibaki dola moja, inashushwa yote juu ya kichwa chake, hata ile iliyohesabiwa juu ya fedha alizokwisha kulipa zamani. Mzee wangu alianza na deni la 2,400, likashuka kuwa 2,200, kisha 2,000, hadi 200. Wastani wake ni dola 1,300 kwa mwaka mzima, na asilimia 26.99 ya hizo ni dola 350 na senti kadhaa. Lau kadi ingekuwa haina riba kweli, angetozwa kwa zile 200 zilizobaki peke yake, nazo kwa mwezi mmoja zingezaa dola nne na nusu hivi. Tofauti ya dola nne na dola 350 imo katika neno moja la kiunganishi.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa sababu huja na sura ya upole. Kila mwezi benki huleta hati iliyoandikwa kiasi cha chini anachopaswa mtu kulipa. Tuseme ni dola 75. Mtu mwaminifu hulipa 75, hupokea risiti, na kulala usingizi. Walakini 75 mara 12 ni 900 tu. Mwisho wa mwaka anadaiwa dola 1,500 bado, na riba ya zaidi ya dola 530 imemwangukia. Alitii kila alichoandikiwa, na utii wake ndio uliomponza. Tena, akichelewa malipo zaidi ya siku 60 kabla ya muda kwisha, sheria ya huko yairuhusu benki kuivunja ahadi papo hapo.

Sisi wa Kagera tunaijua butura. Twajua maana ya kuuza kahawa ikiwa bado ua kwa sababu mtoto ana homa na mchuuzi amesimama mlangoni na noti. Nimewahi kusikia watu wakisema mkopo ule wa meno ni butura ya Wazungu. Nami nakubali nusu. Shida ya ugonjwa ni ile ile, na haraka ni ile ile. Ila mwenye kuuza ua la kahawa huona waziwazi, siku ile ile, kwamba amepunjwa. Mkopo ule humwacha mtu ajisifu mwaka mzima kuwa amepata bahati.

Msidhani haya ni maneno yangu peke yangu. Marekani wana ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010. Mnamo Desemba 2013 ofisi hiyo iliiamuru kampuni ya CareCredit, pamoja na benki iliyokuwa ikiimiliki, kurudisha hadi dola milioni 34.1 kwa wateja ambao huenda walizidi milioni moja. Mashtaka yenyewe yalihusu nini? Yalihusu maelezo ya mdomo yaliyotolewa katika zahanati, na makarani wasiofundishwa vya kutosha. Niliposoma habari ile nilijiona mimi. Mwaka 2023 ofisi hiyo hiyo ilitoa taarifa kwamba kati ya mwaka 2018 na 2020 watu walilipia matibabu ya karibu dola bilioni 23 kwa mikopo ya riba iliyoahirishwa, na kwamba walitozwa dola bilioni moja za riba ile. Jimbo la California lilikwisha kupitisha sheria mwaka 2019 ya kuwazuia waganga kuwapangia wagonjwa mikopo ya namna hiyo, na New York mwaka 2024 wakakataza mtumishi wa zahanati kumjazia mgonjwa fomu.

Daktari wangu hakuwa mtu mbaya. Benki ilimlipa baada ya siku chache, ikikata ada yake, naye akaacha kuhangaika na wadaiwa. Hiyo ndiyo sababu ya fomu kukaa kwenye droo yake. Lakini tazameni kilichompata mgonjwa. Kabla ya kutia sahihi alikuwa mdaiwa wa daktari, ambaye angeweza kumwendea na kumwomba, "Nipunguzie, au nipokee kidogo kidogo." Zahanati nyingi hukubali zikiombwa, bila riba. Hospitali kubwa zisizo za faida zinalazimishwa na sheria ya shirikisho kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo. Akishatia sahihi, deni limehamia benki, na benki haina habari ya jino. Hata madaftari ya sifa za wakopaji huko yanalitazama kwa jicho jingine: tangu mwaka 2023 deni la matibabu lililo chini ya dola 500 haliandikwi humo, ila likiwa juu ya kadi huhesabiwa kama deni lolote la dukani.

Ninalisema hili hapa, penye mizani na maghala, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mna watoto na wajukuu ng'ambo. Huwaandikia kwamba wametibiwa na wamepata mkopo usio na riba, nanyi mnashukuru. Waambieni wagawe deni lote kwa miezi pungufu ya mmoja. Dola 2,400 kwa miezi 11 ni dola 219 kila mwezi, na mwezi wa kumi na mbili unabaki kuwa akiba ya kosa. Na kabla ya kutia sahihi wamwulize karani swali hili, tena wadai jibu kwa maandishi: ikibaki dola moja siku ya mwisho, nitadaiwa kiasi gani?

Sababu ya pili iko mezani kwenu wenyewe. Nimearifiwa kwamba Kamati ya Mikopo inaandaa kanuni za mkopo wa matibabu kwa wanachama, na kwamba mmoja wenu, kwa nia njema kabisa, amependekeza uwe bila riba kwa miezi sita, na atakayechelewa atozwe tangu siku ya kwanza ili watu wapate bidii ya kulipa. Namheshimu mzee huyo. Namwomba alitafakari tena. Mwanachama atakayeshindwa kumaliza ndani ya miezi sita si mvivu siku zote. Pengine mvua ilikatika, au malipo ya pili ya kahawa yalichelewa. Kanuni ile itamtoza zaidi yule aliyekwisha kupungukiwa, na itamtoza juu ya fedha alizokwisha kurudisha. Kama Chama kinahitaji riba ili mfuko usife, basi itajwe tangu mwanzo, iwe ndogo, na ihesabiwe juu ya baki peke yake. Kama hakihitaji, isiwepo. Na iandikwe kwa Kiswahili ambacho mtu mwenye homa aweza kukielewa akisomewa mara moja.

Katibu ameniruhusu kukaa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa ghala baada ya chakula. Yeyote mwenye barua au karatasi ya mkopo aliyotumiwa na mtoto wake, na ailete tuisome pamoja. Miwani ninayo, na safari hii nitayasoma maneno yote.