Matayarisho Huanzia Nyumbani



Nimeombwa niseme machache juu ya matayarisho ya masomo ya juu, kwa kuwa mwaka huu naanza shahada ya uzamili ya historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi huniuliza habari za karo na malazi. Hayo ni ya lazima. Lakini katika shahada ya pili mwanafunzi hudaiwa swali lake mwenyewe, na swali zuri hutoka nyumbani.

Langu nimelichukua hapa Buha. Vijana wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba kukata mkonge Tanga. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyowaandikisha, ilianza mwaka 1944 ikafungwa mwaka 1965. Mke aliyebaki alilimaje peke yake? Jibu wanalo wazee, tena kwa Kiha.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioiona Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Waliwawahi. Sisi je? Aliyekwenda mkonge mwaka 1960 akiwa na miaka 20, leo amepita 80.

Kibali cha utafiti nitakiomba kwa njia ya Chuo. Kumsalimu babu na kumsikiliza hakuhitaji kibali. Wadogo zangu, likizo hii kaeni na wazee wenu. Andikeni jina, mwaka na shamba.