KOMPYUTA YA KIKUNDI IMFUATE ANAYEITUMIA

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu za hisa na mikopo kwa kompyuta. Ni jambo jema. Lakini tumeona shida moja. Mweka hazina ni mama wa miaka 60, wanachama walimchagua kwa uaminifu wake. Akiketi mbele ya kioo, herufi ni ndogo kama mbegu za wimbi. Basi anamwachia kijana kazi yote, yeye anatia sahihi tu. Sasa tuulizane: hapo mweka hazina ni nani? Hata kijana akiwa mwaminifu kabisa, wanachama wamepoteza macho waliyoyachagua wenyewe.

Wazee husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliotengeneza kompyuta hawakumjua mama huyu, kwa hivyo wakaacha nafasi kila mtu aipange inavyomfaa. Hata Windows 95, iliyotoka mwaka wa 1995, ilikuwa na mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu. Wengi wetu hatujaigusa kwa kuogopa ati tutaharibu.

Haya basi, tujaribu mambo manne:

1. Macho. Shika kitufe cha Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya. Ukurasa wa hesabu utakua mkubwa. Kukuza maandishi ya kompyuta nzima, fungua mipangilio, penye alama ya gurudumu lenye meno. Katika Windows 10 na 11 unaweza kuyakuza hadi asilimia 225.

2. Mikono. Mtu wa mkono wa kushoto anaweza kubadilisha vitufe vya kipanya, cha kulia kifanye kazi ya kushoto. Anayetetemeka apunguze mwendo wa mshale. Anayetumia mkono mmoja abonyeze Shift mara 5. Kompyuta itamwuliza kama anataka kubonyeza kitufe kimoja baada ya kingine badala ya viwili pamoja.

3. Lugha. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Windows 10 pia inaweza kuonyesha Kiswahili, mkiwa na intaneti ya kupakua lugha hiyo.

4. Kila mtu na akaunti yake. Fungueni akaunti ya kila mtumiaji, yenye neno lake la siri. Herufi kubwa za mama hazitamsumbua kijana, na kila mmoja atakuta mipangilio yake alivyoiacha.

Badilisheni jambo moja kwa wakati, na kwanza mwandike kwa daftari lilivyokuwa. Likiwashinda, mnarudisha. Kukuza herufi hakubadilishi hata shilingi moja ya hesabu.

Bwana wetu alifundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa faida ya mtu. Je, si zaidi kompyuta? Katika mkutano ujao, mketisheni mweka hazina mbele ya kioo, mumwulize, "Mama, unaona?" Akisema haoni, msipitishe hesabu mpaka aone.