Mashine za Kunakili Kanda za Harusi: Tununue kwa Kazi Iliyopo

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi na kamati za sharika pamoja na kikundi cha vijana wapiga video, Olmotonyi



Vijana wa hapa Olmotonyi wameomba mkopo wa kununua mashine za kunakili kanda za video za harusi, nami nimeombwa nieleze zipi zinafaa. Naomba tuanze na kazi yenyewe, maana kazi ndiyo inayochagua mashine.

Zamani mpiga video wa harusi aliuza nakala. Deki moja ilicheza kanda mama na nyingine ikarekodi. Harusi ya saa 3 ilinakiliwa kwa saa 3 kamili. Kamati ya harusi ikitaka nakala 12, jozi moja ya deki ilifanya kazi saa 36. Aliyeunganisha deki 4 za kurekodi kwenye kanda mama moja alimaliza kwa saa 9. Wakati huo lilikuwa jambo la busara kuuliza, "Tununue deki ngapi?"

Leo swali hilo limepitwa na wakati. Picha zikishaingia kwenye kompyuta mara moja, nakala 12 hupatikana kwa flashi bila kuicheza kanda tena. Kazi iliyobaki ni kuiokoa kanda yenyewe, na hiyo haina muda mrefu. Kanda za VHS zilianza Japani mwaka 1976, na Funai, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki, kiliacha mwaka 2016. Kila deki mtakayoiona dukani au kwa fundi ni ya zamani. Kanda nazo zinashika ukungu makabatini kwa unyevu wetu huu wa mteremkoni mwa Meru. Ndani yake wamo wazee waliokwisha kutangulia, wakiwabariki watoto wao kwa sauti zao wenyewe. Kanda hiyo ikikatika, hakuna duka la kununua nyingine.

Kwa hiyo fedha ziende wapi?

Kwanza, deki nzuri ya kuchezea. Ni heri moja iliyopimwa na fundi kuliko nne za kubahatisha. Nendeni na kanda isiyo na thamani, ichezeni mwanzo hadi mwisho, irudisheni nyuma, kisha itazameni kama imekunjwa au kukwaruzwa. Deki inayokula kanda haifai hata ikitolewa bure. Msiijaribu kamwe kwa kanda ya mteja. Na kanda yenye ukungu isiingizwe kabla haijasafishwa, kwa sababu itachafua kichwa cha deki na kuharibu kanda zinazofuata.

Pili, kifaa kidogo cha kuingiza picha kwenye kompyuta. Hakikisheni kinapokea mfumo wa PAL, unaotumika kwetu. Hapa niwaombe marafiki zetu walioko Marekani: kabla ya kutuma deki, tuulizeni. Deki za huko ni za mfumo wa NTSC na umeme wa volti 120, wakati wetu ni volti 230. Nyingi hazitazionyesha kanda zetu ipasavyo, na gharama ya bandarini itakuwa imekwisha kulipwa.

Tatu, pa kuhifadhia. Kwa ubora mzuri, saa moja ya picha huchukua takribani GB 3.6, yaani kanda ya saa 3 ni karibu GB 11. Diski ya TB 1 itabeba kanda zipatazo 90. Nunueni diski mbili zenye mambo yaleyale, na moja ikae nyumba nyingine.

Nne, UPS. Umeme ukikatika katika saa ya tatu, kazi inaanza upya, na kanda dhaifu inachezwa mara ya pili bila sababu.

Mashine ya kuchoma DVD nyingi kwa mkupuo iacheni kwanza. Kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuingizia DVD. Kanda ndogo za kamera nazo zisiwachanganye: ya VHS-C huingia kwenye deki kwa kasha lake maalumu, lakini MiniDV huhitaji kamera yake.

Sasa kwa wajumbe wanaoidhinisha mkopo. Deki moja katika siku ya saa 8 itamaliza kanda mbili za saa 3, basi. Bei ipangwe kwa saa, na marejesho yapangwe kwa kanda mbili kwa siku, si kwa matumaini. Tena kanda za zamani zina mwisho wake, hivyo mkopo uwe wa muda mfupi. Faraja ni kwamba kompyuta, diski na UPS zitaendelea kuhudumia harusi na sendofu za leo. Deki na kile kifaa cha kuingizia picha ndivyo vitakavyostaafu, na ndiyo sababu sikubaliani na ununuzi wa deki nne.

Vijana, jambo la mwisho ni uaminifu. Kanda ya mteja iandikwe jina siku inapopokelewa, na irudishwe hata kama imekwisha kunakiliwa. Picha za watu zisipelekwe mtandaoni bila idhini yao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mama aliyewakabidhi kanda pekee ya harusi yake amewaamini.

Wajumbe, ombi likija mezani, ulizeni mambo matatu: deki imejaribiwa na nani, nakala ya pili itakaa wapi, na kanda zikiisha kikundi kitabaki na nini. Wakijibu vizuri, wapeni mkopo mapema. Kanda hazitungoji.