KUVUKA MPAKA PEKE YAKO KWA PIKIPIKI: MAMBO AMBAYO SIKUYAANDIKA KATIKA TAARIFA

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wainjilisti na vijana waendesha pikipiki, Kigoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya safari ndefu za pikipiki, hasa zile za kuvuka mpaka. Wengi wenu mnajua kwamba Agosti 2023 nilitoka hapa Kigoma peke yangu kwa pikipiki ya ofisi. Nilipita Burundi hadi Rwanda kuona kilimo cha matuta ya ngazi, nikarudi kwa njia ya Ngara, Kibondo na Kasulu. Zilikuwa zaidi ya kilomita 1,000. Wengi mlinipongeza, nami nikapokea pongezi. Leo nitaeleza pia sehemu ya safari ile ambayo haimo katika taarifa niliyoiwasilisha ofisini.

HAKUNA ANAYESAFIRI PEKE YAKE

Ndugu washiriki, sisi watu wa Kigoma na Ujiji si wageni wa habari za safari. Pale Ujiji, penye miembe, ipo kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Kila mtoto wa shule anayajua majina hayo mawili. Lakini Livingstone alipofika Ujiji mwaka ule alikuwa hoi, na mali aliyokuwa ametumiwa alikuta imekwisha kuuzwa. Waliokuwa naye ni akina Susi na Chuma. Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma pamoja na wenzao ndio walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Sisi tumezoea kusema Livingstone alisafiri. Ni mara chache tunasema kwamba alisafirishwa.

Nitoe mfano mwingine, huu wa pikipiki. Tarehe 6 Oktoba 1973 mwandishi wa habari wa Uingereza aitwaye Ted Simon aliondoka London akiwa na umri wa miaka 42, peke yake, kwa pikipiki aina ya Triumph ya cc 500. Alikuwa amejifunza kuendesha pikipiki muda mfupi tu kabla ya hapo. Aliteremka kupitia Tunisia, Libya, Misri, Sudan na Ethiopia, akapita Kenya na hapa kwetu Tanzania, hadi Afrika Kusini. Kutoka hapo alikwenda Amerika ya Kusini, Australia na Asia. Alirudi kwao mwaka 1977 baada ya kupita nchi 45 na zaidi ya kilomita 100,000. Huko Brazil aliwekwa mahabusu. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, aliirudia safari ile, na alipofika Kenya akavunjika mguu. Alitibiwa, akaendelea.

Kitabu chake cha safari ya kwanza kilitoka mwaka 1979. Nilikikuta katika nyumba ya wageni ya misheni, nikakisoma kwa sababu nilitaka kujua habari za injini. Nilikuta kurasa nyingi zinahusu watu: waliomkaribisha, waliomtilia mashaka, waliomsaidia kutengeneza. Hapo nikaona kwamba anayesafiri peke yake ndiye anayewahitaji watu kuliko mwingine yeyote. Nilikubali jambo hilo kwa akili. Kulikubali kwa mwili nilikuja kufundishwa Mabanda.

MAANDALIZI NILIYOYAFANYA

Nilijiandaa vizuri, na hapo nataka mniige. Nilikuwa na pasipoti, leseni ya daraja la pikipiki, kadi ya usajili, na barua ya ofisi inayoniruhusu kuvuka na chombo, kwa kuwa pikipiki haikuwa kwa jina langu. Nilikuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nilikata bima ya COMESA inayoitwa Kadi ya Njano, kwa sababu bima yetu ya kawaida inakomea mpakani. Pale forodhani nilipewa kibali cha muda cha kuingiza chombo, ambacho lazima ukirudishe unapotoka nchini. Ukikipoteza, pikipiki itakuwa na kesi.

Vipuri vilikuwa tyubu mbili, pampu, plagi, kebo ya klachi na spana. Na kwa kuwa Burundi ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta wakati ule, nilifunga nyuma dumu la lita 5 la petroli. Nilijiona nimekamilika.

YALIYOTOKEA MABANDA

Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni kilomita 60 hivi, na ni lami. Nilivuka mpaka asubuhi kuingia upande wa Mugina. Kama mjuavyo, Tanzania tunapita kushoto, lakini Burundi, Rwanda na Kongo wanapita kulia. Jambo hilo nililijua tangu shuleni. Mbele yangu lilikuwapo lori, nikalifuata upande wa kulia bila shida hadi Mabanda. Hapo nikasimama kunywa chai.

Hatari ilikuwa kwenye ile chai. Nilipotoka, lori halikuwapo tena na barabara ilikuwa tupu. Nikawasha, nikaondoka, na mkono ukanipeleka ulikozoea kunipeleka kwa miaka yote, yaani kushoto. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na mwendo mkali. Kwenye kona nikakutana uso kwa uso na kijana wa baiskeli iliyopakia mikungu ya ndizi. Alikuwa upande wake halali. Alinikwepa akaingia mtaroni, nami nikaanguka upande wa pili. Dumu langu likapasuka, na petroli yote ikamwagika barabarani.

Ndugu zangu, niliposimama sikutazama pikipiki. Yule kijana alikuwa amelala, na kwa muda niliofika kwake niliamini nimeua mtu. Nashukuru Mungu, alikuwa amechanika kiwiko na kuteguka bega. Watu walijaa. Nilingoja kupigwa, na kusema kweli nilistahili. Mimi ni Muha wa Kasulu, wao ni Warundi, na Kiha na Kirundi ni ndugu. Nikasema kwa lugha yangu: kosa ni langu, nimepita upande wa kwetu. Wakanielewa.

Tulimpeleka kijana kwenye zahanati, akashonwa. Nililipa matibabu, nikalipa fundi wa baiskeli na thamani ya ndizi zilizoharibika. Jioni mama yake akakataa nisilale gesti. Alinipa ugali wa muhogo na dagaa wa ziwa hilihili letu. Tukiwa tunakula akaniuliza: "Mwanangu, kwenu mnapita upande gani?" Nikamjibu: "Kushoto, mama." Akasema: "Basi huku ni kulia. Sasa umeshajua." Hakuongeza neno.

Asubuhi kaka wa yule majeruhi alizunguka kwa jamaa zake, akarudi na lita 3 za petroli katika chupa. Wakati ule angeweza kunitajia bei yoyote, na ningelipa. Alinitajia bei aliyonunulia yeye. Bila lita zile nisingeumaliza mlima wa kutoka Bujumbura kwenda Kayanza.

Nilifuata ziwa kupitia Nyanza-Lac na Rumonge, nikiiona michikichi kama ya kwetu. Kabla ya kuingia Bujumbura, pale Mugere, lipo jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe 25 Novemba 1871. Walifika hapo kwa mtumbwi wakitokea Ujiji, na kasia walishika watu ambao majina yao hayako kwenye jiwe. Nilisimama mbele ya jiwe lile nikamkumbuka yule mama, maana hata mimi jina lake silitaji popote katika taarifa.

TAARIFA YANGU

Rwanda niliyaona matuta, na mafunzo yake mnayajua kwa kuwa tunayatumia katika vikundi vyetu. Nikarudi kupitia Rusumo, ambako unarudi tena kushoto. Ofisini niliandika hivi: "Safari ilikwenda vizuri. Changamoto: uhaba wa mafuta." Fedha za matibabu nilizitoa mfukoni mwangu ili zisionekane kwenye hesabu. Niliona aibu. Mratibu mzima, mwenye shahada, anayefundisha wengine usalama barabarani!

Mwaka uliofuata mwinjilisti wetu mmoja alikwenda Bujumbura kwa pikipiki. Alikuja kuniaga ofisini, nikamwombea, nikamkumbusha bima. Habari ya Mabanda sikumwambia. Aliporudi alinieleza kwa kicheko kwamba alitoka hotelini asubuhi akajikuta upande wa kushoto, na basi likampigia honi. Yeye alicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa nilijua kwamba ukimya wangu ungeweza kumwacha mkewe mjane. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo:

1. Ukivuka kuingia Burundi, Rwanda au Kongo, funga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kulia. Kila unapowasha baada ya kusimama, kiguse kwanza. Hatari haipo mpakani penye askari, ipo baada ya kupumzika, barabara ikiwa tupu. Ukirudi Tanzania, kifungue.

2. Usiendeshe usiku, na usivue kofia ngumu hata kwa safari ya kwenda dukani.

3. Ulizia hali ya njia kabla ya kuondoka. Mimi nilipita kutoka Burundi kuingia Rwanda Agosti 2023. Januari 2024 Burundi ikafunga mipaka yake na Rwanda. Njia ya jana si lazima iwe ya leo.

4. Kila unaposimama, piga simu kwa mtu mmoja nyumbani anayeijua ratiba yako.

5. Ukikosa, kiri hapohapo, kaa na uliyemuumiza mpaka atibiwe. Usikimbie.

6. Taarifa ya safari iwe na sehemu ya makosa ya msafiri mwenyewe, na asomewe anayefuata kabla hajaondoka. Mimi nimekwisha irekebisha ya kwangu. Jina la yule mama sasa limo.

Vijana wetu, sikuja kuwakataza kusafiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki imetufungulia njia, na ng'ambo ya mpaka wako ndugu zetu. Nendeni, lakini mjue kwamba kila mnayekutana naye barabarani ni sehemu ya safari yenu, na nyumbani kwake kuna mama anayemngoja.